Maumivu ya hiari baina ya mke na mume: uzi wa wanaotaka kuelewa

Somo wa Ng'ambo

Assalaam alaykum wana jukwaa. Kila mada hii ikiguswa humu inaishia matusi na "mambo ya wazungu hayo". Naifungulia uzi wake. Ni ya watu wazima tu, 18 kwenda juu, na kwa mazingira yetu nazungumza na waliooana. Visa vya chumbani sivitaki, picha sizitaki. Anayetaka mchapo akautafute kwengine.

Kitu chenyewe ni hichi. Yuko mtu mzima anayepata raha kwa kumtia mwenzake maumivu au kumtawala, na yuko mwenzake anayepata raha kwa kuyapokea. Wa kwanza huitwa sadisti, wa pili masokisti. Majina hayo yametokana na Marquis de Sade wa Ufaransa (1740–1814) na Leopold von Sacher-Masoch wa Austria (1836–1895). Aliyeyatia kwenye vitabu vya tiba ni daktari Richard von Krafft-Ebing, mwishoni mwa karne ya 19, naye aliyahesabu kuwa ni maradhi.

Hesabu hiyo imebadilika. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, umetenganisha tamaa na ugonjwa: ugonjwa ni pale mtu anapomtenda asiyeridhia, au tamaa yenyewe inapomtesa mwenye nayo na kumvurugia maisha. Orodha ya 11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imebakisha usadisti wa kulazimisha tu. Ule wa watu wazima walioridhiana haumo tena.

Kwa hiyo mimi naangalia jambo moja: nani ameshika breki? Kwenye ukatili breki hakuna, au anayo anayepiga. Kwenye hiari breki anayo anayepigwa, na anayepiga anajua hivyo tangu mwanzo.

Kibatari

Somo, ahsante, lakini bado hujanitoa. Mtu anayefurahia mwenzake akiumia, si ndiye mkatili yule yule, ila kapata kisingizio?

Daftari la Pili

Kaka Kibatari, suali lako ndilo lenyewe. Kuna aina mbili za furaha hapo na watu huzichanganya.

Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio lililowapa watu uchaguzi wa kazi chafu, na moja ilikuwa kusaga wadudu hai kwenye mashine ya kahawa. Mashine ilitengenezwa makusudi ili wadudu wasidhurike, ila washiriki hawakujua. Waliochagua kusaga ndio waliokuwa na alama za juu za usadisti wa kila siku, yaani kufurahia mateso ya kiumbe asiye na la kusema. Mwaka huo huo Uholanzi ilichapishwa kazi nyengine, iliyowalinganisha watu 902 wanaofanya haya mambo kwa kuridhiana na wengine 434 wasiofanya. Wale 902, kwa jumla, hawakuonekana wagonjwa zaidi. Katika baadhi ya vipimo, kama wasiwasi na uwazi wa mawazo, walikuwa afadhali. Lakini washiriki walijitokeza wenyewe, kwa hiyo usiichukue kama cheti kwa kila anayedai yumo.

Nyumbani utamtambua hivi. Mtoaji wa hiari (yule anayetia maumivu) anafurahia jibu la mwenzake: pumzi, mwili unavyokaza na kulegea, na kule kuaminiwa. Mwenzake akitoka mchezoni kweli, raha inakatika hapo hapo. Mkatili ndiyo kwanza inampanda. Mtazame pia siku za kawaida. Anayekushikia simu, anayekuzuia kwenda kwenu, anayekuadhibu kwa chai kuchelewa kisha aseme "si tulikubaliana", huyo anakutumia makubaliano kama fimbo. Na aliyekasirika hapigi. Hasira ikiingia chumbani, siku hiyo hakuna kitu.

Mzee wa Darajani

Haya ni maradhi na shetani. Watoto wetu wanasoma humu. Funga uzi.

Somo wa Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Onyo la umri liko mstari wa tatu. Kukaa kimya hakujawahi kumzuia mtu kufanya, ila humfanya afanye vibaya. Tuendelee.

Makubaliano. Yafanywe mchana, mmevaa nguo, mmekula, hakuna aliye na ashiki. Kila mmoja achukue karatasi yake peke yake, aandike safu tatu: nataka, labda, abadan. Msiandike pamoja, kwa sababu mmoja atamtazama mwenzake usoni na kuandika anachodhani kinatakiwa. Kisha mlinganishe. Kinachoingia ni kile tu kilicho kwenye "nataka" kwa wote wawili. "Labda" inasubiri siku nyengine. "Abadan" haihojiwi wala haibembelezwi, hata kwa utani.

Muwe wazi mpaka kwenye vitu vidogo: kwa mkono au kwa kifaa, wapi mwilini, alama iruhusiwe kubaki au isibaki, itachukua muda gani. Kwa wanaoanza nusu saa inatosha sana. Na jambo ambalo watu wa kwetu hulisahau: bakora. Wengi tulipigwa bakora chuoni (madrasa) na skuli. Kwa mmoja bakora ni fimbo tu, kwa mwengine inamrudisha kwenye mkeka akiwa na miaka saba, mwili unaganda na hata kusema hawezi. Ulizaneni kabla, na kandambili pia, ambayo wengine waliijua mkononi mwa mama.

Neno la kusimamisha. "Basi", "wacha" na "naumia" hayafai, maana yanaweza kumtoka mtu akiwa bado anataka kuendelea. Chagueni neno lisilo na kazi chumbani, kama "Pujini" au "boflo". Wengi hutumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha kabisa. Mdomo ukiwa umezibwa, au mtu ni wa kunyamaza, ashike mafunguo mkononi. Akiyaachia yakalia chini, mmesimama. Na mtoaji asikae kusubiri neno. Kila baada ya muda aulize "ngapi?", mwenzake ajibu kwa namba ya maumivu, 1 mpaka 10. Kazi ifanyike kwenye 5 na 6. Ikisemwa 8 shuka, na jibu likichelewa, hesabu kwamba ni nyekundu.

Moto ukishapanda, msiongeze kitu kisichokuwemo kwenye karatasi hata kama mpokeaji mwenyewe anakiomba. Wakati ule mwili unamwaga adrenalini na endofini, maumivu yanapungua makali, na mtu anaomba kitu ambacho kesho atakijutia. Kiandikwe, kifanywe siku nyengine.

Mtambwe Mkuu

Naongeza la maneno, maana wapo ambao kwao raha iko kwenye kudhalilishwa kwa ulimi wala hawagusani. Hapo ndipo pagumu kuliko fimbo, kwani mchubuko unapona.

Wekeni orodha ya yasiyotamkwa: wazazi, kabila na asili, mambo ya Upemba na Uunguja, utasa, marehemu, umbo la mwili kama mtu ana kidonda nalo.

Na kuna neno moja ambalo Muislamu haliingizi kwenye igizo kabisa: talaka. Wapo wanaoigiza "bwana mkali" na hapo ndipo linapoponyoka. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inasema mambo matatu, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: ndoa, talaka na rejea (kumrudia mke uliyemwacha). Ukimtamkia mkeo talaka kwa mchezo, mchezo umekwisha, na asubuhi uko kwa kadhi unaeleza yasiyoelezeka. Vile vile usimfananishe na mgongo wa mama yako. Hiyo ni dhihari, na kafara yake siku hizi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Asiyeweza alishe masikini 60.

Ama hukumu ya jambo lenyewe, muulize sheikh unayemuamini, kwa faragha. Msingi wanaouanzia ni "hakuna kudhuru wala kudhuriana", na kupiga usoni kumekatazwa. Kwa hiyo linaloacha jeraha au kilema halina hata pa kujadiliwa.

Muuguzi wa Zamu

Hapo kwenye kudhuru naingia mimi.

Kwanza afya. Mwenye selimundu: barafu, baridi, kiu na uchovu vinaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Huyo hafanyiwi michezo ya baridi kabisa, na maji anywe kabla. Mwenye kisukari cha muda mrefu miguu yake huenda haina hisia, hivyo atasema "3" wakati ngozi imeshaungua. Anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au aspirini kila siku, atavilia damu kwa pigo dogo. Pumu: pampu iwe mkononi, isiwe sebuleni. Kifafa, moyo, presha isiyotulia: zungumza na daktari, au uchague michezo ya maneno. Mimba: hapana fimbo, hapana kamba. Pombe, bangi, mirungi: hapana kwa wote wawili.

Pa kupiga. Matako, hasa nusu ya chini yenye nyama, na nyuma ya paja sehemu ya juu. Mgongo wa juu, kwenye nyama za mabega kushoto na kulia kwa uti, unavumilia mapigo mepesi. Usiguse figo (mgongoni, kuanzia mbavu za chini mpaka kiunoni), uti wa mgongo, kitokono, shingo, tumbo, viungo vya magoti na viwiko, uso na masikio. Kofi la sikio linaweza kupasua kiwambo.

Anza kwa kiganja, mapigo mepesi yenye nafasi, dakika 10 hivi, mpaka ngozi ipate joto na wekundu wa kulingana. Kifaa kipana na kizito kina mshindo, maumivu yanazama ndani ya nyama. Kifaa chembamba kina mchomo, maumivu yanabaki juu ya ngozi. Wanaoanza hudhani chembamba ndiyo laini. Sivyo. Henzirani nyembamba inachana ngozi kirahisi, na ncha yake huenda kasi kuliko mkono wako, ikazunguka nyonga na kupiga mfupa ambao hukuulenga. Simama karibu kidogo, ncha iishie katikati ya tako la mbali. Ukishaona mistari upande mmoja imekoza kuliko mwengine, umesimama vibaya. Bakora iliyopasuka uzi itupwe. Iliyogusa damu isitumike kwa mtu mwengine, kwani mbao na henzirani huzitakasi vya kuaminika na homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Koo. Nitasema mara moja: hakuna njia salama ya kukaba. Mishipa ya shingo ikibanwa mtu anaweza kuzimia kwa sekunde 10 hivi, na ubongo ukikosa damu dakika chache tu basi tena. Mbaya zaidi, mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, mtu akaamka akacheka, kisha akapata kiharusi siku kadhaa baadaye akiwa kijana. Neno la kusimamisha halisaidii kitu kwa sababu koo ndilo lililozibwa. Liandikwe "abadan" kwenye kila karatasi.

Fundi Kamba

Nadhani nina haki ya kusema kuhusu kufunga, kamba ndizo kazi yangu.

Kamba ya usumba ni nzuri kwa kufungia makuti, haifai ngozini. Nywele zake zinachoma, inachubua ikisogea, na ikilowa jasho fundo halifunguki. Nailoni ya wavuvi inateleza, fundo linakimbia na kukaza lenyewe, na ikivutwa kwa kasi inaunguza. Kanga watu huiona laini, na kweli ni laini mpaka isokotwe. Ikishasokotwa inakuwa uzi mmoja mgumu, na fundo lake likivutwa ndiyo limelala hivyo. Ukitaka kanga, ikunje bapa upana wa vyanda vinne, na ufungue kwa mkasi bila kuionea huruma.

Kamba ya pamba ndiyo yenyewe, unene milimita 6 mpaka 8, urefu mita 7 au 8, uikunje katikati. Zungusha mara mbili au tatu, mistari ilale ubavu kwa ubavu isipandane, ili uzito usambae. Vyanda viwili vipite chini yake. Usifunge juu ya kikunjo cha kifundo cha mkono. Panda kidogo kuelekea kwenye kiwiko. Kwenye mkono wa juu, upande wa nje, unapita mshipa wa fahamu karibu kabisa na mfupa. Ukibanwa, mkono unaanguka, mtu hawezi kuinua kiganja, na kupona huchukua wiki au miezi. Na nje ya goti, chini kidogo, upo mwengine wa namna hiyo, huo huangusha mguu.

Kila dakika 5: "nibane chanda, inua kiganja." Akishindwa, au akisema ganzi au sisimizi, fungua sasa hivi. Sio baada ya kumaliza. Rangi ya mkono kubadilika ni alama ya damu, lakini mshipa wa fahamu unaweza kuumia na rangi ikabaki ile ile, kwa hiyo usitegemee macho. Kwa wanaoanza, dakika 15 zinatosha.

Mkasi wa bandeji, ule wenye ncha butu, uwe unafikika bila kusimama. Aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa kwenda kuangalia mlango. Na nisisikie mtu anamning'iniza mwenziwe kwenye boriti za Mji Mkongwe. Boriti ile ya mkoko imebeba mawe na chokaa kwa miaka mingi, ndani imeliwa na mchwa au haijaliwa, huwezi kujua kwa kuitazama. Ndoano ya feni ndiyo usiiseme.

Kirembo

Somo, na mshumaa je? Na kuna mtu anasema mafuta ya karafuu yanapasha moto.

Somo wa Ng'ambo

Mwanangu, mafuta ya karafuu wacha kabisa. Yale yanayokamuliwa Wawi, Chake, ni makali. Kilichomo kwa wingi ni yujenoli, nayo ikipakwa bila kuchanganywa inaunguza ngozi, na sehemu za siri zaidi. Hata kwenye mafuta ya kuchua kiwango cha usalama ni kama nusu ya asilimia moja tu. Pilipili ni hivyo hivyo, haitoki kwa maji, inataka mafuta kisha sabuni, na mkono ulioishika utasahau ukagusa jicho.

Mshumaa unawezekana. Mweupe wa kawaida wa parafini, usio na rangi wala harufu. Nta ya nyuki usitumie, inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, ni moto mno. Jimwagie wewe kwanza ndani ya mkono wako. Anza juu, kama nusu mita kutoka ngozini, maana tone linapoa likianguka. Usishuke chini ya sentimita 30. Tone moja moja, usirudie pale pale. Paka mafuta ya nazi kabla, nta itabanduka bila kung'oa nywele. Uso na kifua karibu na chuchu, hapana.

Na chandarua! Kifungwe juu au kiondolewe, feni izimwe, ndoo ya maji iwe ndani. Ngozi ikiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, unga na chumvi ni vya jikoni na bafuni.

Barafu: iwe inatembea, isikae mahali pamoja zaidi ya dakika moja.

Mdau wa Vuga

Kwa ufupi upande wa sheria. Ridhaa haimkingi aliyejeruhi. Mfano unaosomeshwa sana ni wa Uingereza, kesi ya Brown ya 1993: watu wazima waliokubaliana wenyewe, na majaji wa juu wakaamua, 3 kwa 2, kwamba kukubali si utetezi pale panapotokea majeraha ya mwili. Mwaka 2021 Bunge lao likaliandika hilo wazi kwenye sheria ya ukatili wa nyumbani. Kwetu usijipe matumaini ya zaidi. Karatasi ya makubaliano ni ya kuelewana, haitakutetea mbele ya mtu.

Video msipige. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku Zanzibar, na simu huibiwa, huuzwa, hutengenezwa na fundi mwenye macho.

Jirani pia. Fleti za Michenzani ukuta unasema. Akisikia mtu anapigwa akamwita sheha, amefanya vizuri, wala msimnunie.

Na kama unasoma humu ukagundua yako si hiari, vituo vya Mkono kwa Mkono vipo hospitalini, Mnazi Mmoja mojawapo, na Dawati la Jinsia lipo polisi.

Kibatari

Nimeelewa. Ila baada ya hapo inakuwaje? Maana nasikia watu wanalia.

Daftari la Pili

Kulia kupo, na si lazima iwe huzuni. Homoni zilizopanda zinashuka kwa kasi: baridi, kutetemeka, machozi, njaa. Mfunike, mpe maji, kisha chai yenye sukari, umkumbatie kama anataka kukumbatiwa (na hilo nalo liandikwe kwenye karatasi, wengine wanataka kuachwa). Usimhoji wakati huo. Tathmini iwe kesho au keshokutwa.

Huzuni ya kweli mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu, ghafla, na humpata mtoaji pia. Yeye huanza kujiuliza yeye ni mtu gani. Anahitaji kusikia kutoka kwa mwenzake kwamba kilichofanyika ndicho kilichotakiwa. Ikizidi wiki, au mmoja anaanza kukwepa chumba, simamisheni yote mpaka mzungumze.

Kirembo

La mwisho: michubuko inakaa siku ngapi? Na piko (hina nyeusi) mbichi ina ubaya?

Muuguzi wa Zamu

Wiki mbili kwa kawaida: wekundu, zambarau, kijani, manjano, basi. Siku ya kwanza kitambaa cha baridi dakika 10, kuanzia siku ya tatu cha vuguvugu. Kwa hiyo penye singo (kusuguliwa mwili kabla ya harusi) au safari ya pwani, hesabu nyuma.

Piko mbichi usipige juu yake. Ile yenye dawa ya kutia nywele rangi huwafura watu ngozi, na hutajua kilichofanya malengelenge ni kipi.

Hospitali siku hiyo hiyo: mkojo wenye damu, uvimbe unaoendelea kukua, ganzi isiyoondoka baada ya kufungua kamba, maumivu ya shingo au kichwa, mtu aliyezimia hata sekunde mbili. Mwambie muuguzi ulichofanya na saa ngapi. Akikuuliza mwenyewe, mkeo au mumeo akiwa nje ya mlango, mjibu. Ana haki ya kuuliza hivyo kwa kila mwenye alama.